Chokaa kwa Shamba la Wifi

Udongo wa shamba lile ulikuwa mweusi na laini, wa kutamanisha, na nadhani hilo ndilo lililonitisha tangu mwanzo. Ukiushika unakuachia unyevu kiganjani. Ungesema hapa hata mpini wa jembe ukichomekwa utaota. Lakini maharage yakipandwa pale yalichipua, yakatoa majani mawili matatu, halafu yakasimama. Hayakufa. Yalisimama tu, yakaanza kugeuka manjano kutoka pembeni, na kila ukipita unayakuta kimo kilekile. Mahindi nayo yaliingia rangi ya zambarau, kama midomo ya mtu aliyeshikwa na baridi. Ukiling'oa shina unakuta mizizi mifupi, minene, imejikunja, kama iliyogusa kitu huko chini ikarudi nyuma.

Tulikuwa tunaliita shamba la chini, kwa sababu liko chini ya mfereji, karibu na barabara inayoteremka Kihurio. Baba mkwe wangu alilima kahawa pale ujanani, baadaye kabichi na viazi, na kila msimu mbolea ya dukani. Juu ya hayo kuna mvua za huku mlimani, ambazo zinaosha ardhi mwaka hata mwaka. Nilikuja kuelezwa kwamba ndivyo udongo unavyochacha, kidogo kidogo, bila kubadilika sura. Wakati ule sikujua. Niliishia darasa la saba, na hata haya ninayaandika kama nilivyoyasikia. Kama kuna palipopinda, pamepinda masikioni mwangu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alirudi nyumbani wakati wa kiangazi baada ya ndoa yake ya Tanga kuvunjika. Alirudi na begi na cherehani. Hakueleza sana na hatukumchimba. Mwanamke aliyerudi kwao huku kwetu hakosi chakula. Atakula makande ya nyumba yoyote. Lakini analala kwa ruhusa. Leo chumba cha wageni, kesho mgeni mwenyewe amekuja, anahamia jikoni. Nilimwona akihama namna hiyo, akibeba kile cherehani mikononi kama mtoto mgonjwa, na nilijua anachokitaka kabla hajakisema. Alitaka mahali pa kusimama pasipo na mtu wa kumwambia asogee.

Baba alikuwa ameshazeeka, kifua kinambana, anatembea kwa fimbo. Asubuhi moja alishuka naye hadi shamba la chini. Mimi nilikuwa nimewafuata na uji. Tulikuwa watatu tu pale, na nimejutia mara nyingi kwamba hatukuwa zaidi.

"Lima hapa, mama," Baba akamwambia binti yake, akichora na fimbo kutoka kwenye mfereji hadi barabarani. "Mavuno yakitoka nitaleta masale mwenyewe niyapande mpakani. Liwe lako."

"Na yasipotoka, Baba?"

"Ardhi isiyozaa nikikupa nitakuwa nimekupa nini?"

Akanywa uji wake. Masale ni mmea tu wa majani marefu, lakini kwetu yakishapandwa mpakani mbele ya watu, maneno yamekwisha; hata watoto wa wajukuu hawatayang'oa. Wifi alinitazama juu ya kichwa cha baba yake na akatabasamu. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Nilitabasamu pia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye bua moja la mahindi ya msimu uliopita, lililokuwa bado limesimama, dogo kama fimbo ya kuchapia mbuzi.

Sasa nimseme kaka yao mkubwa, ambaye kwangu ni shemeji. Nataka nimseme vizuri, maana ni rahisi kumsema vibaya. Shamba hilohilo alilitaka kwa ajili ya kupanda mikaratusi, na hakuwahi kuficha. Alisema mezani, watu wote tukisikia, kwamba shamba limechoka, linafaa miti, na miti ikikua itajenga nyumba za ukoo mzima. Ana watoto wengi na wote wanasoma. Baba akizidiwa na kifua, ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, si mume wangu, ambaye yuko Moshi kwenye ujenzi. Hayo yote ni kweli, nami niliyaona.

Habari ya chokaa ilikuja kwenye mkutano wa kijiji. Bibi shamba wa kata, binti mdogo aliyetoka chuoni si zamani, alichukua udongo wetu, akautia kwenye kichupa chenye dawa, na maji yakageuka rangi ya machungwa. Akasema hiyo ni dalili ya uchachu. Akasema mbolea peke yake haitasaidia, tutakuwa tunamlisha mgonjwa ambaye koo limeziba. Dawa ni chokaa ya kilimo, imwagwe wiki kadhaa kabla ya kupanda, ichanganywe na udongo kwa jembe. Watu walitikisa vichwa. Mzee mmoja akauliza, "Sasa, binti, unataka tupake shamba rangi?" Tukacheka. Wifi hakucheka. Alikuwa ameinama mbele kama anayesikiliza redio yenye betri dhaifu.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani, shemeji alitukuta njiani.

"Dada, hiyo chokaa usihangaike nayo," alisema. "Nitakuletea mimi."

"Wewe, kaka?"

"Kwani mimi ni nani? Nimevunja mawe meupe kule Makanya ujana wangu wote. Naijua kama ninavyoujua ugali."

Wifi alimshukuru hadi nikaona haya kwa niaba yake. Mimi niliingiwa na shaka, lakini mimi huingiwa na shaka hata kuku akichelewa kurudi bandani, kwa hiyo sikuipa uzito.

Magunia yalifika na lori lililopanda kuchukua tangawizi. Shemeji mwenyewe aliyashusha, moja moja, mabegani. Yalipofunguliwa, unga ulikuwa mweupe na mzito, unateleza kati ya vidole. Kila mtu akasema ndiyo, hii ndiyo chokaa. Na hapa nataka msomaji atuelewe sisi watu wa juu. Kwetu cheupe chochote kinachosagwa huko tambarare ni chokaa. Tunapaka kuta, tunachorea viwanja vya mpira, tunamwaga chooni. Hatuna majina mawili. Sisemi hivi kumtetea mtu. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Tukaita msaragambo, yaani ile kazi yetu ya kusaidiana, leo kwako kesho kwangu. Wifi na mimi tulipika makande ya kutosha. Majirani wakaja na majembe, wakatapanya unga kwa mabakuli na masufuria mabovu, wengine wakifuata nyuma kuuchimbia. Upepo ukapanda kutoka bondeni, tukawa weupe wote, kope na nywele.

"Leo shamba hili limejaa Wazungu," mmoja akasema.

"Wazungu gani wanaokula makande namna hii," mwingine akamjibu. "Mwangalie huyu, bakuli la tatu na bado hajashika jembe."

"Nangoja Mzungu mwenzangu achoke."

Shemeji alifanya kazi kuliko wote. Alivua shati. Mgongo wake ulikuwa mweupe, na jasho lilichora mistari ndani ya weupe ule kama mifereji. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima aliyezoea kupaka chokaa kanisani kila Pasaka, alikuwa amesimama pembeni anasugua viganja vyake.

"Mbona haiwashi?" akauliza. "Chokaa ninayoijua mimi inakula mikono."

"Hiyo ni ya ukutani, mama," shemeji akasema bila kunyanyua kichwa. "Hii ni ya shambani."

Watu wakacheka tena. Yule mama naye akacheka. Na kwa haki, jibu lake lilikuwa sahihi. Nimeshaelezwa kwamba chokaa ya shambani, ile ya mawe yaliyosagwa tu, haiwashi. Kwa hiyo yule mama alikuwa na shaka ya kweli kwa sababu isiyo ya kweli, na shemeji alikuwa na jibu la kweli kwa kitu kisicho chenyewe. Nikifika hapo kichwa changu huzunguka, naacha.

Vuli ikanyesha vizuri. Wifi akapanda. Akawa anashuka shambani kila alfajiri, kabla ya ukungu kuondoka, na mimi nikiwa nachota maji mferejini nilikuwa naona mgongo wake tu umeinama katikati ya weupe wa ukungu, hausogei. Maharage yalichipua. Yakatoa majani mawili, matatu. Nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo kwa ajili ya jani la nne, na naona aibu kuandika kwamba mtu mzima alisali kwa ajili ya jani.

Halafu yakasimama.

Shemeji alikuwa anapita barabarani na pikipiki yake akienda na kurudi. Akifika pale alikuwa anapunguza mwendo. Hakuzima injini. Anatazama kidogo, kisha anaongeza moto anaondoka. Wakati mwingine alisema neno. "Chokaa ina wakati wake, dada. Vumilia." Hata hilo ni kweli. Lakini ule mlio wa pikipiki kupungua kwenye kona, kunguruma palepale, kisha kuondoka, ulianza kuniingia hata nikiwa ndani na mlango umefungwa. Nilikuwa naacha ninachofanya, nangoja uondoke.

Bibi shamba alipopanda tena kijijini nilimfuata. Sikumwambia ni shamba la nani. Nilimuuliza tu mtu atajuaje kama chokaa aliyoletewa ni yenyewe.

"Una limau nyumbani?" akaniuliza.

"Ninayo."

"Ikamulie. Chokaa ya kweli itatoa povu, utaisikia inachemka. Ikinyamaza, si yenyewe. Mara nyingi huku watu wanaletewa jasi, ile inayochimbwa hapo chini. Zinafanana sana."

"Na jasi ni sumu?"

"Hapana, mama. Jasi ina kazi yake, tena nzuri, kule kwenye udongo wa chumvi. Ila uchachu wa huku juu haitauondoa. Ni kama kumpa mwenye malaria dawa ya minyoo."

Gunia moja tupu lilikuwa limefunika kuni zangu. Nilikung'uta pembe zake, nikapata unga wa kujaza kifuniko cha chupa. Nilikaa jikoni mchana, peke yangu, nikakamua limau. Majimaji yakazama ndani ya unga, unga ukalowa, basi. Nikainamisha sikio. Hakuna kitu. Nikafikiri labda limau langu limechuja, maana lilikuwa la kabatini. Nikachukua ganda la yai, nikalisaga kwa kisu, nikalikamulia limau lilelile. Ganda likaanza kutoa vipovu vidogo, likapiga mlio mwembamba kama mafuta yanapoanza kupata moto. Nikarudi kwenye unga. Ulikuwa umetulia vilevile, mweupe, umenyamaza.

Nilikaa pale mpaka wakati wa ugali wa mchana ukapita. Nilikuwa naogopa, na sikuweza kusema naogopa nini, kwa sababu unga ni unga.

Wifi nilimwambia siku ileile. Nilirudia jaribio mbele yake, ganda kwanza, kisha unga. Hakulia. Aliniuliza neno moja.

"Alijua?"

"Sijui, wifi."

"Amevunja mawe Makanya ujana wake wote. Alisema mwenyewe."

"Alisema."

"Sasa wewe unaonaje?"

Nilimwambia ninachokiona. Kwamba mawe meupe ya Makanya ni jasi, yule mtu amekaa nayo miaka, na asiyejua jasi baada ya miaka ile ni vigumu kumpata. Lakini pia nilikuwa nimepita pembeni ya mahindi yake mwenyewe, upande wa juu, na nimeona weupe kwenye udongo. Alimwaga unga uleule kwake. Mtu hamwagi kwake kitu anachojua ni bure. Wifi akanisikiliza mpaka mwisho.

"Alimwaga kiasi gani?"

"Mstari mmoja. Pale panapoonekana kutoka njiani."

Hatukuendelea. Nilimpigia mume wangu Moshi, nikamweleza. Nikasikia mashine ya kuchanganyia zege nyuma yake. "Usiingie kati ya watu wa damu moja," akasema. "Na wewe na mambo yako ya malimau." Hakusema kwa ukali. Nadhani alikuwa anaogopa pia.

Wifi alimwendea kaka yake uani kwake, na mimi nikaenda naye ili asiwe peke yake. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda ananoa panga.

"Kaka, ile haikuwa chokaa. Ilikuwa jasi."

"Jasi," akasema. "Basi nilipewa jasi."

"Wewe hukuitambua?"

"Dada, mimi nilikuwa navunja mawe. Ya kusagwa wanasaga wengine. Ningekuwa nakutakia mabaya ningevunja mabega yangu kukushushia magunia?" Akajaribu makali kwa kidole gumba. "Pole. Nimekosa na mimi."

Nimekirudia kile kipindi kichwani mara nyingi. Jiwe la kunolea halikusita alipolisikia neno jasi. Lilikwenda na kurudi, likaenda na kurudi, mwendo uleule. Lakini na mimi nikiwa nakuna nazi ukaniletea habari, nitaendelea kukuna. Siwezi kumfunga mtu kwa sababu ya jiwe.

Wifi aliuza cherehani. Alishuka Same mwenyewe, akaenda kwenye duka la pembejeo, na kabla ya kufunga bei aliomba kiganja cha unga, akatoa limau kwenye pochi mbele ya muuzaji. Aliniambia yule muuzaji alimtazama kama mchawi. Unga ukachemka. Akarudi na magunia juu ya lori, amekaa juu yake. Safari hii hatukuita msaragambo. Tulimwaga wenyewe, yeye na mimi, tukalichimbia shamba lote hatua kwa hatua, na hatukuimba. Kazi ya watu wengi ukiifanya na watu wawili inakuwa kama mnazika kitu.

Bibi shamba alituonya tusitegemee makubwa msimu wa kwanza. Chokaa inatembea polepole udongoni. Wifi akasema sawa. Lakini mimi nilikuwa nasikia kifua cha Baba kupitia ukutani, na nilijua kuna vitu viwili vinavyotembea na kimoja kina haraka.

Masika yakaanza. Maharage yakachipua, yakatoa majani mawili, matatu, manne. Sikumwambia mtu. Jani la tano lilitoka pana, kijani cha kuelekea weusi. Wifi aling'oa shina moja, la kwanza na la mwisho alilong'oa, na mizizi ilikuwa mirefu, myembamba, imeshika vijifundo kama shanga. Alikimbia nalo mpaka kwa Baba. Alikuwa kitandani, hasemi tena kwa mpangilio. Wifi alimwekea shina lile mkononi na udongo wake, vidole vya Baba vikafunga. Tukangoja aseme. Alilala nalo. Shuka likachafuka na hakuna aliyelitoa.

Alifariki kabla maharage hayajatoa maua.

Mazishi yalikuwa ya heshima. Mchungaji alisema vizuri, watu walipanda hata kutoka Mwanga. Shemeji alilia kuliko wote, na kilio kile hakikuwa cha uongo. Nimeolewa hapa miaka mingi, namjua. Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa sebuleni kugawa kilichobaki. Mume wangu alikuwepo. Wanawake tulikaa upande wa mlangoni. Mambo mengine yalikwenda haraka. Walipofika shamba la chini, mwenyekiti wao alikohoa.

"Hili tunaambiwa marehemu alimpa binti."

"Alinipa," wifi akasema.

"Masale yako wapi?"

"Alisema atapanda."

"Nani alikuwepo?"

Wifi hakunitazama. Hakuhitaji. Yule mzee akanigeukia, na alikuwa mpole. "Wewe mama ndiye uliyekuwepo. Tuambie, marehemu alisemaje. Maneno yake yenyewe. Hatutaki zaidi, hatutaki pungufu."

Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Shemeji alikuwa ananitazama mimi, bila vitisho, kama mtu anayengoja tu kusikia. Sikuwa na muda wa kujiuliza kama ni haki. Nilisema kwamba Baba alichora kwa fimbo kutoka mfereji hadi barabarani. Nilisema kwamba alisema liwe lake. Nikasikia sauti yangu inaendelea.

"Alisema, mavuno yakitoka."

"Mavuno yakitoka," mzee akarudia.

"Ndiyo. Na yasipotoka hatakuwa amempa kitu."

"Na yalitoka? Marehemu akiwa hai?"

Nikaeleza habari ya jasi. Nilieleza yote, limau, ganda la yai, magunia, na nikaeleza pia kwamba shemeji alimwaga mstari kwake mwenyewe, na kwamba alimwomba dada yake msamaha. Nilieleza kwamba sasa hivi maharage yanakuja vizuri, waende wakaone. Walinisikiliza. Shemeji akasema kwa sauti ya chini, "Amesema kweli tupu. Hakuongeza." Na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu aliyeniunga mkono alikuwa yeye.

Wazee walinong'ona. Wakasema marehemu aliweka sharti, na sharti halikutimia machoni pake. Hakuna wa kulaumiwa, kosa la magunia ni kosa la wote tuliokuwa hatujui. Shamba litashikwa na mkubwa kwa niaba ya ukoo. Binti avune alichopanda. Akitaka kuishi nyumbani aishi, hakuna anayemfukuza.

Jioni nilimkuta wifi jikoni anaosha sufuria za matanga.

"Ungesema tu 'alimpa'," akasema. "Neno moja."

"Hakusema hivyo."

"Najua hakusema hivyo. Nilikuwepo." Akasugua sufuria. "Yule mwenyekiti alikuwa upande wangu, wifi. Alikuwa anatafuta pa kushika."

"Sikuona."

"Wewe huoni watu. Unaona maneno."

Ningesema uongo mdogo, angekuwa na shamba. Huenda pia shemeji angeupinga, angeuliza kwa nini masale hayakupandwa, na sisi wote wawili tungeonekana waongo, na hata lile la jasi lisingeaminiwa. Nimepima pande zote. Haziwi sawa, na sijui ipi nzito.

Maharage yalikomaa. Sijawahi kuona maharage vile katika shamba lile, na wala wazee hawajawahi. Maganda yalining'inia mpaka yakagusa ardhi. Watu waliopita barabarani walisimama. Tukawa tunavuna, yeye mstari wake na mimi wangu, hatuzungumzi sana lakini tukiwa pamoja. Siku ya pili shemeji alikuja na vijana wa kuchimba mashimo ya miche. Alichimba kati ya mistari, kwa uangalifu mkubwa, hakukata shina hata moja. Udongo uliotoka aliulundika upande wa pili usiangukie maharage.

"Vuna taratibu, dada," akasema. "Mimi sina haraka."

"Namaliza kesho."

"Hata wiki ijayo."

Aliinama, akachukua bonge la udongo, akalivunja, akalinusa. "Umekuwa mzuri sana," akasema, na nadhani alimaanisha kumsifu. Wifi alimfungia maharage kwenye kanga, ya mbegu na ya kula, akampa. Shemeji alipokea kwa mikono miwili. Hata mimi ninayeandika sijui kama alichokifanya ni upendo au ni kitu kingine. Mikono ilikuwa miwili.

Wifi ameteremka Kihurio. Amekodi kipande cha mpunga kwenye mfereji, na analala chumba cha kupanga. Hakuniaga vibaya. Alinikumbatia, akaniambia nikishuka nipite.

Nilimuuliza bibi shamba kama ile chokaa itadhuru mikaratusi. Akacheka kidogo, akasema mikaratusi haijali, iwe chachu isiwe chachu, itakua tu. Na chokaa? Chokaa, akasema, itaendelea kufanya kazi yake huko chini kwa miaka. Miche sasa imenifika magotini. Nikienda kuchota maji napita pembeni yake, na chini ya miti ile ardhi inazidi kuacha uchachu na kuwa tamu, na hakuna chakula kinachopandwa.